Kunyamaza kwa Mtoto Si Kulala

 

Ndugu msomaji, baada ya darsa ya akina mama mjini Biharamulo, mama mmoja kijana alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Alikuwa amefunga safari kutoka upande wa Nyakahura, kando ya barabara kuu iendayo Rusumo, na mtoto mchanga alikuwa mgongoni. Baada ya salamu alisema, "Sheikh, nina swali dogo, nimeona haya kuliuliza mbele ya watu." Nikamwambia, "Uliza, binti yangu. Dogo kwako huenda ni kubwa kwa mwenzako."

Ana watoto watatu wakubwa kuliko huyo wa mgongoni, nao hulala kitanda kimoja. Wa kati, mwenye umri wa miaka sita, hakuwa akilala. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita usiku kucha, na kila breki ya lori ilipolia mtoto aliinuka akakaa kitako. Mama mkwe akampa dawa ya zamani: mwambie kwamba fisi yuko nyuma ya nyumba, anasikiliza nani bado anaongea. Dawa ilifanya kazi usiku ule ule, mtoto akanyamaza kimya. Lakini mama alipokwenda kumpapasa gizani, saa tano za usiku, alikuta macho yako wazi, mwili umekakamaa na godoro limelowa. Ndipo alipozikumbuka ngano za bibi yake, Mhangaza wa Ngara. Akaanza kumsimulia mwanawe moja kila usiku, fupi, kwa sauti ya chini. Haikupita wiki ya pili, mtoto alikuwa akilala kabla Sungura hajafika kisimani.

Kikwazo kilitoka kwa mumewe. Alirejea kutoka msikitini baada ya Isha, akamkuta mkewe katikati ya ngano, akamweleza mambo mawili. La kwanza, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha. La pili, kwamba sungura anayesema ni uongo, na uongo ni haramu hata kwa mtoto mdogo.

"Basi nimeacha, Sheikh," akasema yule mama. "Na fisi amerudi."

Nilimjibu kwa ufupi siku ile kwa sababu gari lake lilikuwa linaondoka. Leo nataka kumjibu kwa urefu, kwani nimegundua kwamba swali hili limo katika nyumba nyingi za wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, hata pale ambapo halijapata mtu wa kulitamka.

Nianze na mume, kwa kuwa hakusema jambo la kubuni. Hadithi aliyoitaja ipo, tena ni sahihi. Ameipokea Abu Barza al-Aslamiy (R.A.) na imo katika Bukhari na Muslim: Mtume (S.A.W.) alikuwa hapendi mtu alale kabla ya Isha, wala azungumze baada yake. Wanazuoni wameeleza sababu yake, nayo haihitaji kutafutwa mbali: mwenye kukesha katika porojo huamka jua limekwisha kuchomoza, na sala ya Alfajiri imempita. Lakini Imamu Bukhari huyo huyo, katika kitabu chake cha nyakati za sala, ameweka mlango wa mazungumzo ya elimu na kheri baada ya Isha, kisha mlango mwingine wa mazungumzo ya usiku pamoja na watu wa nyumbani na mgeni. Naye Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Riyadhus Salihin kwamba makatazo hayo hayagusi mazungumzo ya kheri, na miongoni mwa kheri hiyo ametaja kwa jina visa vya watu wema. Hakusema tu kwamba vinaruhusiwa. Amesema vinapendeza.

Kuna ushahidi mwingine ambao mimi huupenda zaidi, kwa sababu ndani yake mna mtoto. Abdullah bin Abbas (R.A.) alikuwa bado mdogo alipolala usiku mmoja nyumbani kwa mama yake mdogo, Bibi Maymuna, mke wa Mtume (S.A.W.). Alilala pale ili aone ibada ya usiku ya Mtume, na watu wengi wanaikumbuka riwaya hiyo kwa ajili ya sala ya tahajudi. Lakini katika mojawapo ya riwaya za Bukhari limo jambo dogo linalotangulia sala: Mtume (S.A.W.) alizungumza na ahali zake kwa muda, kisha akalala. Mtoto alikuwapo, akayasikia mazungumzo ya nyumba kabla ya usingizi, akakua nayo, akatusimulia sisi. Na Imamu Tirmidhi, katika kitabu chake cha sifa za Mtume, ametenga mlango mzima kwa mazungumzo ya usiku. Humo ameweka kile kisa kirefu cha wanawake kumi na mmoja ambacho Bibi Aisha (R.A.) alikisimulia, na Mtume (S.A.W.) akakisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Ni wanaume wangapi miongoni mwetu wanaoweza kusikiliza kisa cha wake zao mpaka mwisho?

Tena kuna jambo la kifiqhi ambalo lingempunguzia mume yule wasiwasi. Mtoto wa miaka sita bado hajafikia hata umri wa kuamrishwa sala, ambao ni miaka saba. Kwake yeye hakuna karaha ya kulala kabla ya Isha. Huku kwetu Kagera jua huchwa kiasi cha nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, na Isha huingia karibu na saa mbili usiku. Nyumba iliyojipanga inaweza kumlisha mdogo baada ya Magharibi, ikamwosha miguu, ikamsimulia na kumlaza kabla adhana haijaadhiniwa. Yule wa miaka saba na kuendelea ataswali kwanza, kisha atasimuliwa, na hapo tumo ndani ya mlango wa Bukhari wa watu wa nyumbani. Najua kwamba maisha hayaendi hivyo kila siku. Msimu wa maharage mama anarudi shambani giza limeingia, moto haujawashwa, na chakula kinaiva saa tatu. Basi simulizi na iwe fupi zaidi.

Hoja ya pili, ya uongo, ndiyo nzito, na ndipo ninapotofautiana naye kabisa.

Kiswahili chetu kina ajabu moja: neno hadithi tunalitumia kwa maneno ya Mtume (S.A.W.), na neno lile lile tunalitumia kwa Sungura na Fisi. Nimewaona ndugu waliokwazika kwa jambo hilo, wakataka tuchague neno jingine kwa mambo ya sungura. Ngano ni neno zuri, nami nalitumia. Lakini tusiwadhanie watoto kuwa hawana akili. Msimulizi anaposema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", au anapoanza na hapo zamani za kale, amefungua mlango na kila aliyemo chumbani anajua wanaingia wapi. Hakuna aliyedanganywa. Waislamu wa karne ya nane walisoma Kalila wa Dimna, kitabu cha wanyama wanaosema ambacho Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu, na walijua vizuri kwamba mbweha hafanyi kazi ya uwaziri.

Sasa mtazame yule fisi wa nyuma ya nyumba. Yeye hakutanguliwa na "Paukwa". Ameletwa kama habari ya kweli, na mtu ambaye mtoto anamwamini kuliko watu wote, katika saa ambayo hawezi kutoka nje kuhakikisha. Abu Dawud amepokea kwa Abdullah bin Amir (R.A.) kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita, "Njoo nikupe kitu," na Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Akamwuliza mama, ulikusudia kumpa nini? Akajibu, tende. Mtume akamwambia kwamba asingempa kitu angeandikiwa uongo. Ikiwa tende moja ambayo haikutolewa inaandikwa, fisi ambaye hayupo ataachwa? Abu Dawud huyo huyo amepokea habari ya sahaba mmoja aliyelala safarini, wenzake wakaiendea kamba aliyokuwa nayo wakaichukua, akashtuka. Mtume (S.A.W.) akasema si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Makatazo hayo yalitamkwa kwa ajili ya mtu mzima aliyeshtuliwa usingizini. Mume yule aliutafuta uongo kwa Sungura, nao umekaa kwa Fisi.

Hata hivyo sitaki kumlaumu mama mkwe. Anayeijua ardhi hii anajua vitisho vyake vilikotoka. Mapori ya Biharamulo yalikuwa na fisi kweli, na baadhi yangali nao. Kisha wakaja majambazi wa barabarani, mpaka ikafika magari kusindikizwa na polisi wenye silaha ndiyo yapite. Na kabla ya hapo kulikuwa na Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 za mwezi huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa kama saa ishirini na nne, na vilima vya Benaco, ambavyo leo ni kituo cha malori na maduka, vikageuka mji wa turubai. Wanyarwanda wale walirejeshwa kwao Desemba 1996, na Warundi walikaa Lukole miaka mingi baada yao. Watoto wa wakati ule, wa kambini na wa vijijini, leo ndio akina baba na akina mama. Na Novemba 2017 bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, huko huko Ngara, likaua wanafunzi. Katika nchi yenye historia hiyo, kumwambia mtoto "watakuja" si mzaha. Neno hilo lina uzito ambao msemaji mwenyewe hausikii tena.

Nami nina kosa langu hapa, na afadhali nilitaje. Mwaka 1994 nilikuwa kijana, nikifundisha watoto Waislamu wa kambini chini ya turubai, jioni, baada ya kusoma juzuu. Nilitaka kuwaliwaza kabla hawajakwenda kulala, nikawasimulia kisa cha Nabii Musa (A.S.): mama alivyomtia katika kisanduku, alivyokiachia mtoni, dada yake alivyofuata ukingoni akitazama. Nilikisimulia kama nilivyofundishwa kusimulia, kwa kuipandisha hofu kwanza ili furaha ya mwisho iwe kubwa. Nilisahau kwamba miezi ile Mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti, na kwamba watoto wale walikuwa wamevuka juu ya mto huo huo. Mtoto mmoja wa kike akaniuliza kama dada yake Musa aliwaona na wale wengine waliokuwa majini. Sikuwa na jibu. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri katika turubai lile, nami sikulala.

Ilinichukua miaka kurudi katika Qur'ani na kuona kwamba kosa lilikuwa langu, halikuwa la kisa. Tazama Suratul Qasas, aya ya 7. Katika aya ile ile ambayo mama Musa anaamrishwa kumtia mwanawe mtoni, anaambiwa asiogope wala asihuzunike, kwani mtoto atarudishwa kwake. Mwisho mwema umetangulia, maji yanafuata. Mimi nilikuwa nimeupeleka mwisho nyuma, kama wafanyavyo wenye filamu. Ukiipata alama hii utaiona mahali pengine. Suratul Kahf, ambayo wengi wetu tunaisoma leo Ijumaa, inakutajia habari ya vijana wa pangoni kwa muhtasari katika aya chache, kulala kwao na kuinuliwa kwao, kisha ndipo katika aya ya 13 inaanza kusimulia kwa tafsili. Suratu Yusuf, kisa ambacho Qur'ani yenyewe imekisifu kwa uzuri, kinaanza na mtoto anayemweleza baba yake alichokiona usingizini, na katika ndoto ile mwisho wa kisa chote umo. Baba hakumwambia "nyamaza ulale". Alimsikiliza, akamjibu.

Basi tangu hapo nikimsimulia mtoto kisa cha Musa usiku, huanza hivi: hiki ni kisa cha mtoto aliyerudi kwa mama yake. Maji yakifika, mtoto anayesikiliza anajua tayari ufuko uko wapi.

Hapa kuna jambo ambalo wazee wetu walilijua bila kuliandika, na sisi tumelichanganya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ngara, na ngano zake alizisimulia jikoni, moto ukiwaka, sisi tukimenya maharage mabichi na ndizi zikitokota. Zilikuwa na nyimbo, viitikio na vitendawili, na anayesinzia alipigwa kikumbo na mwenzake. Kwa nini? Kwa sababu kazi ya ngano zile ilikuwa kutuzuia tusilale kabla ya chakula! Majirani zetu wa Rwanda na Burundi huita baraza la namna hiyo igitaramo, na Waarabu wana neno lao, samar. Ni mambo mazuri, lakini ni mambo ya kuweka watu macho. Tulipokwisha kula na kupanda kitandani, bibi alikuja mara ya pili akiwa mtu mwingine. Hakuimba. Alisema kidogo tu, kwa sauti ya pumzi, juu ya kitu kisichokuwa na haraka: ng'ombe wanarudi zizini mmoja mmoja, au mvua inavuka vilima kutoka Burundi. Mimi nilidhani amechoka. Sasa najua alikuwa akifanya kazi nyingine.

Anayesimulia kitandani kwa mtindo wa jikoni atalalamika kwamba hadithi zinawachangamsha watoto, na atakuwa amesema kweli. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alikuwa bingwa wa kukata kisa mahali pa moto ili mfalme asimchinje asubuhi. Ilimfaa yeye, kwa kuwa shingo yake ilitegemea mfalme kutaka kusikia zaidi. Tamthilia za televisheni zimerithi ufundi huo huo. Wewe mama wa Nyakahura shida yako ni kinyume chake.

Katika mwaka 2021 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa watoto 81, wenye umri wa miaka 4 hadi 11, waliolazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Baadhi yao walisimuliwa hadithi, na wengine walichezeshwa vitendawili na mtu mwema kwa muda ule ule. Walipimwa mate. Makundi yote mawili yalipata nafuu: kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka, na oksitosini, inayohusishwa na utulivu na mapenzi, ilipanda, na maumivu yakapungua. Lakini kwa waliosimuliwa hadithi nafuu ilikuwa takriban mara mbili. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka bibi, ambaye aliviacha vitendawili jikoni. Ni kweli kwamba watoto wale walikuwa wagonjwa hospitalini, hawakuwa wakilazwa usiku, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti mzigo usio wake. Karibu zaidi na jambo letu ni ule wa Marekani wa mwaka 2009, uliohusisha akina mama 405 wenye watoto wachanga na wadogo: waliofuata utaratibu ule ule kila usiku, kuoga, kukandwa mwili na shughuli za utulivu, watoto wao walilala upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi. Kilichofanya kazi ni mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila siku. Sisi tunaoamrishwa sala tano kwa nyakati zake hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo.

Na usingizi wenyewe si anasa. Madaktari wa usingizi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, wanasema mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 mpaka 13 kwa siku, na wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12. Mwanafunzi anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili atembee kilomita kadhaa kwenda shule, akiwa amelala saa tano usiku kwa sababu ya hofu au kwa sababu ya simu ya baba, amelala saa sita tu. Simu nayo ni fisi wa aina yake: humnyamazisha mtoto, na mwanga wake huchelewesha usingizi wenyewe. Hadithi haihitaji mwanga. Mtume (S.A.W.) ametuamuru kuzima taa tunapolala, akatahadharisha kwamba panya anaweza kuukokota utambi na kuunguza nyumba, na kwa watu wa koroboi na paa la nyasi onyo hilo halina haja ya sherehe. Zima, kisha simulia gizani. Mmarekani Peter Seitel, aliyezikusanya ngano za majirani zetu Wahaya na kuzichapisha mwaka 1980, alikipa kitabu chake jina kutokana na kiitikio cha wasikilizaji wanaomhimiza msimulizi aone, ili nao wapate kuona. Mtoto anaona vizuri zaidi akiwa amefumba macho.

Yule mama aliniomba mfano, akasema ngano za bibi yake zinaisha na anaogopa kuishiwa. Kwanza, usiogope kurudia. Mtoto mdogo anapenda kisa kile kile, na ukibadilisha neno atakusahihisha. Pili, kisa cha kitandani ni chepesi kutunga kuliko kukipika chai. Huu ni mmoja niliowatungia wajukuu zangu.

Hapo zamani, juu ya kilima kimoja kinachoutazama Mto Ruvubu, alikuwapo mwanambuzi aliyekataa kulala. Mama yake akamwuliza, "Unangoja nini, mwanangu?" Akasema, "Nangoja nimwone anayelala mwisho." Mama akasema, "Basi na tuhesabu." Kuku wamelala, vichwa viko chini ya mbawa. Ng'ombe wamelala, wanacheua polepole, polepole. Migomba imelala, majani yameinama. Upepo ulikuwa ukitembea, sasa umeketi bondeni. Moshi wa jikoni umelala juu ya paa. "Na mto, mama?" "Mto unakwenda kwa ncha za vidole, usije ukaamsha mawe." "Na kilima?" "Kilima kilijilaza tangu zamani, ndiyo maana tunalala juu yake." "Na mama?" "Mama yuko hapa." Mwanambuzi akasema, "Sasa najua. Anayelala mwisho ni..." Wala hakumaliza.

Akikuuliza ni nani basi asiyelala kabisa, umefika mahali pake. Msomee Ayatul Kursiy, na maana yake umweleze kwa maneno mawili: Mola wetu hasinzii wala halali. Kisha zile sura tatu za mwisho, kupuliza katika viganja na kumpangusa, kama ilivyokuwa ada ya Mtume (S.A.W.) kila alipokwenda kulala. Alikuwa pia akiwakinga Hasan na Husein kwa dua, akisema kwamba baba yenu Ibrahim aliwakinga kwayo Ismail na Is-haka. Dua hiyo ilitamkwa na babu kwa wajukuu, na kabla yake na baba kwa wanawe. Mahali pote nilipokwenda Ngara na Biharamulo nimekuta jambo hili limeachiwa akina mama peke yao, na sijui tumelitoa wapi.

Ijumaa mbili baadaye mume wa yule mama alikuja mwenyewe. Ni mtu mpole, fundi wa pikipiki, hana hata miaka arobaini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za Bukhari na Nawawi, naye hakuzitaka. Mke wake alikwisha mfikishia. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba yeye alikulia kando ya barabara ile ile katika miaka ya majambazi. Giza likiingia, baba yake alizima moto na kuwaziba midomo watoto kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine. "Sisi, Sheikh, tulifundishwa kwamba nyumba inayosikika usiku ndiyo inayovamiwa. Nikisikia sauti ya mke wangu gizani, moyo wangu unakwenda mbio. Hadithi ya Isha niliikumbuka baadaye."

Nilimwuliza kama anajua ngano yoyote. Akasema hajui hata moja. Nikampa ile ya mwanambuzi, na nikampa watu wa pangoni: vijana waliomkimbilia Mola wao, akawalaza miaka mia tatu na kuzidi tisa, akiwageuza kuliani na kushotoni, na mbwa wao amenyoosha miguu yake kizingitini, hakuna awezaye kuingia. Nilimwambia aanze na mbwa, kwa kuwa watoto humpenda, na kwa kuwa mtoto wake anahitaji kujua kwamba mlangoni yupo mlinzi, si fisi. Asiongeze sauti. Kila pumzi ya mtoto ikirefuka, naye arefushe nafasi kati ya maneno. Aliniuliza afanye nini iwapo mtoto atalala kabla ya mwisho, je, amalizie kwa kuwa ni kisa cha Qur'ani? Nikamjibu aache pale pale na atoke taratibu.

Mzee mmoja wa Rulenge, rafiki yangu wa siku nyingi, ndiye aliyenifundisha kukisimulia hivyo. Mjukuu wake amesikia habari ya watu wa pangoni mara zisizohesabika tangu alipoachishwa ziwa. Anamjua mbwa, anajua jua lilivyopita kuliani na kushotoni mwa pango, anajua walivyogeuzwa. Mpaka leo hajui kama waliamka.